Mchanga wa Kunduchi unakwenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe maoni yangu kuhusu pwani ya Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, ambako wananchi wamezoea kwenda kuogelea siku za mapumziko.

Wapo wasemao bahari ndiyo mkosaji. Ni kweli kwamba kina cha bahari duniani kinapanda, lakini hilo peke yake halielezi yaliyotokea hapa. Hoteli ya Africana, iliyokuwa na sifa kubwa zamani, ilihamwa baada ya mawimbi kula ardhi yake, na hiyo ni habari ya kabla ya watu kuanza kuzungumzia tabianchi.

Mchanga wa pwani hautulii mahali pamoja. Mito kama Tegeta na Mbezi huuleta kutoka bara wakati wa mvua. Kusi ikivuma, mawimbi huusukuma kwenda kaskazini. Kaskazi huurudisha kiasi. Unaoingia ukiwa mchache kuliko unaoondoka, pwani hukonda. Basi mchanga wa mito hiyo unakwenda wapi? Unapakiwa kwenye malori. Sensa ya 1967 iliukuta mji wa Dar es Salaam una watu 272,821. Ile ya 2022 iliukuta mkoa una watu 5,383,728, na wote hao wanataka pa kulala. Siwalaumu vijana wa makoleo, wanatafuta riziki. Lakini sijamwona bado mwenye nyumba aliyemuuliza dereva alikochota mchanga.

Tena kuna baruti. Uvuvi huo ulivunja matumbawe yaliyokuwa yakipunguza nguvu za mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo viliwekwa katika hifadhi mwaka 1975, na milipuko iliendelea kusikika miaka mingi baadaye.

Linaloniudhi zaidi ni kuta. Mwenye hoteli au kiwanja akiona maji yamekaribia, hujenga ukuta unaoingia baharini ili unase mchanga mbele yake. Unanasa kweli, ila jirani wa upande wa pili hupungukiwa, naye hujenga wake, na wa tatu vivyo hivyo. Anayebaki bila ukuta ni mvuvi anayetafuta mahali pa kuvuta ngalawa yake juu, pamoja na watoto wasio na fedha za kiingilio cha hoteli.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Naomba wahusika watujibu kupitia gazeti hili: mita hizo hupimwa na nani, na kuanzia wapi, ikiwa ufukwe wenyewe unasogea? Na kibali cha kuchimba mchanga mtoni kinapotolewa, je, watu wa pwani huulizwa?

Mwananchi,
Kunduchi, Dar es Salaam.