Barua ya Hamburg: Viti Vinne Vitupu

Kwa jamaa na ahibba zangu wa Mombasa, wakubwa kwa heshima zao na wadogo kwa mapenzi,

Barua zenu za siku hizi aghalabu hunifikia baada ya tarehe 14, siku ambayo EPRA hutangaza bei mpya ya mafuta, na zote husimulia dhiki ile ile. Wala sistaajabu, kwani tangu kodi ya VAT ya mafuta ilipotolewa asilimia 8 ikapandishwa hadi 16, Julai 2023, hata nyinyi muonao meli zikiteremsha shehena ya mafuta Kipevu, na ambao bei yenu ni nafuu kidogo kuliko ya Nairobi, hamkusalimika.

Huku Ujerumani nako, ughali ulipozidi mwaka 2022, serikali ilifanya tadbiri mbili kwa miezi mitatu, Juni hadi Agosti: ilipunguza kodi ya mafuta, na ikauza tikiti ya euro 9 kwa mwezi, ya kupandia mabasi, tramu na treni za kawaida nchi nzima. Ile nafuu ya kodi majirani zangu wamekwisha kuisahau. Tikiti ziliuzwa takriban milioni 52, na mimi, niliyekuwa nikienda kazini nikisindikizwa na viti vinne vitupu, niliiacha gari chini ya mti hadi ikapakwa chokaa na ndege. Tikiti iliyofuatia ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikafika 58 Januari 2025, nami nainunua bado, gari nimeiuza.

Sisemi mngojee tramu. Lakini nilipokuja likizo, pale nyumbani Tudor niliona kila asubuhi watu wanne wakitoka saa moja kwenda mjini: mmoja kwa gari lake, wawili kila mtu na boda yake, wa nne kwa tuktuk, na wote wakipitia Buxton. Na gari lenyewe, ambalo mwenyewe hulilaani kwa kunywa petroli, matairi yake yalikuwa yamelegea kama maandazi ya jana, na nyuma mna mifuko miwili ya saruji iliyosahauliwa tangu kujengwa choo. Nilinyamaza, kwa haya ya mgeni, na wallahi nimejuta.

Basi namwomba mwenye gari aishushe saruji ile, ajaze matairi upepo, na awachukue wale watatu, nao wamchangie nusu ya nauli wanayotoa sasa. Na tarehe 14 ijayo msiniandikie bei, niandikieni mmetumia lita ngapi.