Tusiziamini Upesi Tarakimu za Kiooni

Mwanafunzi anayekagua programu ya mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyomo katika kipande kimoja cha silikoni, huona kiooni thamani za kumbukumbu zikibadilika huku mashine ikiendelea na kazi. Wengi huzichukua kuwa ni kweli tupu. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa.

Tuchukue mfano wa 8051, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1980. Hiyo husoma biti 8 kwa mara moja, lakini kihesabio chake kina biti 16. Kwa hiyo husomwa kwa vipande viwili. Tuseme hesabu imefika 255. Kipande cha chini kinasomwa: 255. Kabla cha juu hakijasomwa, hesabu inaingia 256, na cha juu kinakuwa 1. Kioo kitaonyesha 511, idadi ambayo kihesabio hakijaifikia!

Dawa ni kusoma cha juu, kisha cha chini, kisha cha juu tena. Masomo mawili ya juu yasipolingana, turudie. Kuisimamisha mashine pia hufaa, ila mota inayoongozwa nayo haitangoja.

Walimu na wawazoeze vijana kuuliza: tarakimu hii imesomwa lini, na kwa hatua ngapi? Kipimo kisichojulikana kilivyopatikana si ushahidi.