Askari Asifunge Jalada kwa Neno "Hakuna"

Askari wengi wa Afrika Mashariki walipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele katika bonde la Kabaw. Leo mjukuu wa mmoja wao, naye akiwa amevaa sare, huingia maktabani na kuiandikia hifadhidata ya vitabu swali zima: "Babu zetu walipiganaje Burma?" Mashine humjibu kwamba hakuna. Naye huondoka akiamini kwamba ushujaa wa wazee wake haukuandikwa. Hilo ni kosa, na hatuna budi kulisahihisha.

Wahenga walinena, asiyejua maana haambiwi maana. Mashine haijui maana; hulinganisha herufi tu. Iliposema "hakuna", ilikusudia kwamba maneno yale hayamo, wala si kwamba historia haimo.

Basi, ndugu wanajeshi na polisi, pangeni maneno yenu kabla ya kutafuta kama mpangavyo doria. Kwanza, acheni sentensi, mchukue maneno machache yaliyo kiini cha jambo. Vitabu vingi vya vita hivyo viliandikwa kwa Kiingereza. Tafuteni kwa lugha hiyo. Pili, kumbukeni kwamba kitu kimoja huweza kuwa na majina mengi. Burma ilianza kuitwa rasmi Myanmar kwa Kiingereza mwaka 1989. Majina ya jambo moja huunganishwa kwa OR, lenye kukusanya. Mambo mawili huunganishwa kwa AND, lenye kuchuja. Andikeni: (Burma OR Myanmar) AND "King's African Rifles". Alama za kunukuu huyashika maneno pamoja kwa mpangilio wake.

Neno NOT litumieni kwa hadhari. Aandikaye NOT India ili kuepuka habari za askari wa Kihindi ataweza kupoteza na vitabu vya askari wetu, kwa maana mashambulizi yale ya 1944 yalianzia India.

Mwisho, mkipata kitabu kimoja kifaacho, someni vichwa vya mada ambavyo mkutubi amekipa, kisha mtafute tena kwa maneno hayo hayo. Ndivyo mpelelezi afuatavyo unyayo mmoja hadi mwingine.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakuna askari mwema afungaye jalada kwa sababu shahidi wa kwanza amesema hajui. Humwuliza tena kwa maneno mengine.