Usikimbilie kununua kadi mpya

Kuna maradhi ya kompyuta yanayofanana na kifo ilhali si kifo. Skrini iliyokuwa safi jana, leo ina maandishi makubwa kama ya bango la duka. Au inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Au mashine inanguruma na taa zake zinamulika, lakini kwenye skrini ni giza tupu. Baba anasema imeungua. Mama anauliza ni nani aliyeigusa mwisho. Mtoto aliyeigusa mwisho anatazama dari.

Mara nyingi kisa huwa kimoja: draiva ya kadi ya picha imewekwa vibaya, au imebadilishwa na nyingine isiyoifaa kadi hiyo. Kadi yenyewe ni nzima. Lakini familia isiyojua hubeba mashine hadi mjini, na huko inaweza kupata mojawapo ya hasara mbili. Ya kwanza ni kuuziwa kadi mpya isiyohitajika. Ya pili, ambayo ni mbaya zaidi, ni kukutana na fundi mwenye haraka atakayefuta diski yote na kuweka Windows upya. Picha itarudi, ndiyo, lakini picha za harusi, hesabu za duka na tasnifu ya binti aliye mwaka wa nne chuoni zitakuwa zimekwenda na maji. Leo basi tujifunze kuutambua ugonjwa huu, na kuutibu tukiwa nyumbani.

Draiva ni nini?

Kadi ya picha ndiyo inayochora kila kitu unachokiona kwenye skrini. Katika kompyuta nyingi za nyumbani sehemu hiyo imo ndani ya prosesa, na aghalabu huwa ni ya Intel au AMD. Nyingine zina kadi ya kando iliyochomekwa kwenye bodi kuu, kama vile GeForce ya NVIDIA au Radeon ya AMD. Draiva ni programu inayokaa kati ya Windows na kadi hiyo. Windows ikitaka dirisha lifunguke, draiva ndiyo inayoigeuza amri hiyo iwe lugha ambayo kadi inaielewa. Jina lenyewe ni ndugu wa neno dereva, na kazi zao hazipitani mbali. Matatu ikiwa mpya kabisa na dereva asijue gia zake, abiria hawatafika, na kosa si la injini.

Windows ikikosa draiva ifaayo, humwita dereva wa akiba anayeitwa Microsoft Basic Display Adapter. Huyu anaweza kuendesha karibu gari lolote, lakini kwa gia ya kwanza tu. Ndiyo maana maandishi huwa makubwa, video hukwamakwama na michezo hukataa kufunguka. Ukiona hivyo usikate tamaa. Maadamu waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi hiyo, picha unayoiona, hata iwe mbovu namna gani, imepitia kwenye kadi ile ile unayodhani imekufa.

Kwanza waya, kisha majaribio mawili

Kabla ya kugusa programu yoyote, tazama nyuma ya mashine. Kompyuta yenye kadi ya kando huwa na matundu ya skrini mahali pawili: juu, karibu na matundu ya kipanya na kibodi, na chini, kwenye kadi yenyewe. Waya wa skrini unatakiwa uwe kwenye kadi. Ukichomekwa juu, huenda usione kitu, au ukaona picha ya ile sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesa na kudhani kadi imekataa kazi. Jambo hili hutokea sana baada ya nyumba kufanyiwa usafi.

Angalia stima pia. Tundu ambamo kadi huchomekwa hutoa wati 75 tu. Kadi kubwa huhitaji zaidi ya hapo, kwa hiyo huwa na waya wake wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. Waya huo ukilegea, hakuna draiva itakayosaidia. Zima mashine na uichomoe ukutani kabla ya kuifungua.

Sasa fanya jaribio la kwanza. Washa kompyuta na utazame alama ya kampuni iliyoitengeneza, ile inayotokea kabla ya Windows kuingia. Wakati huo draiva ya Windows bado imelala. Ikiwa alama hiyo inaonekana safi, na vurugu zinaanza baadaye Windows inapoingia, mshukiwa mkuu ni draiva. Lakini ikiwa tangu hapo mwanzo kuna mistari, madoadoa au rangi za ajabu, basi usiisingizie draiva. Jaribu waya mwingine na skrini nyingine, na vikishindwa, kadi yenyewe ndiyo ya kutazamwa.

Jaribio la pili ni kuingia katika hali salama, ambamo Windows humwacha kando dereva wa kawaida na kumtumia yule wa akiba. Kwenye ukurasa wa kuingilia, shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza Restart. Kisha fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, ubonyeze Restart tena, na mwishowe namba 4. Ikiwa huoni chochote, zima mashine kwa kushikilia kitufe cha kuwashia wakati Windows inapoanza kuingia. Ukirudia hivyo mara mbili au tatu, Windows yenyewe italeta ukurasa wa uokoaji. Skrini ikitulia katika hali salama na kuvurugika katika hali ya kawaida, una sababu nzuri ya kuishughulikia draiva kwanza.

Tahadhari moja. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa siri, na ukipita njia hii zinaweza kukuuliza ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Aghalabu ufunguo huo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Uandike kwenye daftari leo, kabla ya siku ya shida.

Na madhali umeshaingia katika hali salama, usianze matibabu bado. Chomeka flashi na unakili kazi zote muhimu: tasnifu, picha, hesabu. Baada ya hapo hata mambo yakiharibika, hujapoteza kitu kisichonunulika.

Ijue kadi yako kwa jina

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, kisha uchague Device Manager. Tafuta mstari wa Display adapters na uufungue. Ukikuta jina la kadi likiwa na alama ya manjano, Windows imeiona kadi lakini haielewani nayo. Ukigusa jina hilo mara mbili huenda ukasoma namba ya kosa. Namba 43, kwa mfano, maana yake ni kwamba Windows imeisimamisha kadi kwa sababu kadi au draiva yake imeripoti tatizo. Hiyo peke yake si hati ya kifo.

Ikiwa hakuna jina ila lile la dereva wa akiba, fungua sehemu ya Details na uchague Hardware Ids. Utaona msururu wa herufi na namba. Usiogope, tazama tu zile zinazofuata neno VEN. Ikiwa ni 10DE kadi ni ya NVIDIA, 1002 ni ya AMD, na 8086 ni ya Intel. Zile zinazofuata neno DEV hutambulisha aina ya kadi yenyewe. Ziandike zote.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, hasa wenye mashine zilizotumika ng'ambo kabla ya kuuzwa huku kwetu. Draiva mpya kuliko zote si lazima iwe ndiyo yako. Mwaka 2021 NVIDIA iliziacha nje ya draiva zake mpya kadi nyingi za GeForce GTX 600 na 700, na draiva za mwisho za kadi hizo ni zile zinazoanza na namba 470. Mwaka huo huo AMD ilizihamishia Radeon HD 7700 hadi 7900 katika orodha ya kadi kongwe. Mwenye kadi kama hiyo akilazimisha draiva ya juzi, ataambiwa kwamba kadi haikupatikana, naye atadhani imekufa kumbe imezeeka tu. Vilevile hakikisha draiva inalingana na Windows yako. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, lakini kuna kompyuta kuukuu ambazo bado zina Windows 10 ya biti 32, na draiva ya moja haiingii katika nyingine.

Pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Ikiwa ni kompyuta ya mkononi, anza na tovuti ya kampuni iliyoitengeneza kompyuta hiyo, maana wakati mwingine huifanyia draiva marekebisho yake. Ziepuke programu zinazojigamba kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mpigo. Baadhi yake hukuonyesha orodha ndefu ya kasoro ili kukutisha, halafu zikadai malipo. Draiva za NVIDIA, AMD na Intel hutolewa bure na wenyewe.

Kuondoa na kuweka

Ikiwa shida ilianza mara tu baada ya draiva kubadilishwa, jaribu kwanza kurudi nyuma. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika Device Manager, gusa jina la kadi mara mbili, fungua sehemu ya Driver na ubonyeze Roll Back Driver. Draiva ya zamani ikiwa bado imehifadhiwa, itarudi, na pengine huo ndio utakuwa mwisho wa hadithi.

Ikiwa kitufe hicho hakibonyezeki, pakua draiva sahihi kabla ya kuondoa iliyopo. Faili hizi ni kubwa, nyingine hupita megabaiti 500, hivyo kama bando ni chache pakulie chuoni au kwa saiba na uilete kwa flashi. Kisha kata intaneti. Usipoikata, Windows inaweza kukimbilia kuweka draiva yake mwenyewe wakati wewe ukiwa katikati ya kazi, na madereva wawili wakagombania usukani mmoja. Bonyeza jina la kadi kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Uninstall device, na utie alama kwenye kisanduku cha kufuta programu ya draiva. Mabaki yakikataa kutoka, ipo programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller, ambayo hutumiwa katika hali salama kuyafagia yote.

Washa upya, endesha faili la draiva na uwe na subira. Skrini itazima na kuwaka mara kadhaa, na hilo ni jambo la kawaida. Usibonyeze chochote, na usianze kazi hii siku ambayo stima inapotea na kurudi. Kompyuta ya mkononi iwe imejaa chaji. Ikimaliza, washa upya tena, kisha urudishe intaneti.

Lini uende kwa fundi?

Nenda ikiwa vurugu zinaonekana hata kabla ya Windows, ikiwa draiva sahihi imewekwa vizuri na kosa lile lile linarudi, au ikiwa mashine inazima kila kadi inapopewa kazi nzito. Kadi inayopata joto kupita kiasi au kukosa stima ya kutosha huweza kuonekana nzima hadi itakapotakiwa kutoa jasho.

Ukifika, mwambie fundi mambo matatu: jina la kadi, namba ya kosa uliyoiona, na hatua ulizokwisha kuchukua. Mwombe aijaribu kadi hiyo katika mashine nyingine mbele yako kabla ya kuzungumzia bei ya kadi mpya. Na akitaka kufuta diski, mjibu kwa heshima kwamba hilo ni la mwisho, si la kwanza. Fundi mwema hataudhika, bali atafurahi kumpata mteja aliyemrahisishia kazi.

Kompyuta yako ikipona, weka faili la draiva iliyokufaa katika flashi, pamoja na kikaratasi chenye jina la kadi, na uihifadhi pale nyumbani mnapoweka stakabadhi. Hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi. Siku nyingine skrini ikichafuka usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu, hakuna atakayehitaji kutazama dari.

Hadi Jumapili ijayo, kila la heri.