Kiingereza Sio Sera ya Nje, Jamani

Kampeni za 2020 vijiwe vya Moshi vilikuwa moto. Wana CCM wanasema Tundu Lissu karudi juzi tu kutoka Ubelgiji, kibaraka wa mabeberu. Chadema wanajibu kwamba Magufuli toka aingie Ikulu hajatoka nje ya Afrika, na Kiingereza chenyewe ndo kile, ataongea nini na wakubwa? Bernard Membe wa ACT-Wazalendo, Waziri wa Mambo ya Nje 2007 hadi 2015, akaambulia chini ya asilimia 1 ya kura. Uzoefu, eti!

Wakati huo sera ya nje yenyewe ilikuwa Holili, hapo chini tu. Mei ile Kenya na Tanzania zilivutana kuhusu vipimo vya korona vya madereva, malori yakakwama mipakani. Agosti 1 Tanzania ikazuia ndege za Kenya Airways. Vitunguu havijui beberu, vinaoza tu. Na mgeni akikosa ndege ya kuja kupanda mlima, mpagazi wa Marangu analala nyumbani bila hata tipu.

Mgombea ajaye akipanda jukwaani Moshi aulizwe: Kenya wakifunga mpaka kesho asubuhi, unampigia nani simu, na unamwambia nini?