Uhuru iliruka kutoka Ngomeni, Taifa-1 ikaruka kutoka California

DESEMBA 12, 1970, Wakenya wakiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la chuma lililosimikwa baharini mkabala na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Katika daftari za shirika la anga la Marekani, NASA, iliandikwa Explorer 42. Mkuu wa mradi huo, Marjorie Townsend, aliipa jina jingine kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji: Uhuru.

Jina hilo la Kiswahili ndilo wanasayansi wanalolikumbuka. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na vipimo vyake vilisaidia kuwaelekeza watafiti kwenye Cygnus X-1, ambayo leo inakubalika kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Kwa nini Ngomeni? Karibu na ikweta uso wa dunia huenda kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bila gharama. Kwa roketi ndogo kama Scout, nyongeza hiyo ilikuwa jambo kubwa. Tena mbele yake ni bahari tupu. Mabaki hayamwangukii mtu. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma aliyatambua hayo mapema, na Aprili 1967, kabla Kenya haijatimiza miaka minne ya uhuru, setilaiti ya Italia, San Marco 2, ikarushwa kutoka hapo.

Tuseme wazi: Italia ilileta jukwaa, Marekani ikaleta roketi, Kenya ikatoa mahali. Kwa nchi changa hayo hayakuwa mapatano ya aibu. Hata hivyo, mwenye mahali huthaminiwa kadiri mahali pake panavyohitajika. Roketi ya mwisho iliruka Machi 1988. Tangu hapo kituo hicho, kilichopewa jina la Broglio, kimebaki na kazi ya kufuatilia setilaiti na kupokea taarifa zake.

Kisha Aprili 15, 2023, Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi Wakenya kwa gharama ya Sh50 milioni na kufanyiwa majaribio Bulgaria, ilibebwa na roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California. Setilaiti ya Marekani yenye jina la Kiswahili iliruka kutoka Kenya. Ya Kenya ikaruka kutoka Marekani.

Ni rahisi kulaumu, lakini lawama hiyo haina msingi. Taifa-1 ilikusudiwa kupiga picha za ardhi, na setilaiti ya aina hiyo hupita ncha hadi ncha ya dunia. Katika njia hiyo msukumo wa ikweta haufai kitu. Zaidi ya hayo, kupanda roketi moja na wateja wengine ni nafuu mno. Ndiyo maana mazungumzo ya kurusha tena roketi kutoka pwani hiyo, japo yanasisimua, hayagusi kiini cha jambo.

Kiini ni elimu na taarifa. Mei 2018, setilaiti ndogo 1KUNS-PF, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na chuo kilekile cha Broglio, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mkataba ambao Kenya na Italia zilitia saini mjini Trento, Oktoba 2016, unazungumzia mafunzo na haki ya kupata taarifa za setilaiti. Vifungu hivyo ndivyo Bunge linapaswa kuvidai hesabu kila mwaka: ni wahandisi wangapi wamefunzwa, wangapi wameketi mbele ya mitambo ya Ngomeni, na ni picha zipi zimefika mezani kwa maofisa wa kilimo kabla ya msimu wa mvua.