Kijana Asiache Shule kwa Ahadi ya Mdomo

Juni 2009, mjini New York, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika orodha ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Memphis Grizzlies ilimchukua kabla ya James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyekuwa wa saba. Thabeet alikuwa amecheza miaka mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka wa nne hakuusubiri.

Huko mbele mambo yalimwendea kombo. Februari 2010 Memphis ilimshusha ligi ya chini akanolewe, na hadi 2014 alikuwa amepita timu nne bila kupata namba ya kudumu. Ni rahisi kumfanya mfano wa kuwatishia watoto wanaopenda mpira kuliko daftari, lakini kufanya hivyo ni kumwonea. Mchezaji aliyechaguliwa raundi ya kwanza NBA husaini mkataba ambao mshahara wa miaka miwili ya mwanzo umehakikishwa, afunge asifunge. Thabeet aliacha chuo akiwa na kitu mkononi. Alichagua vizuri.

Mmarekani Kyler Murray naye alikuwa na makubaliano ya maandishi. Mwaka 2018 timu ya besiboli ya Oakland ilisaini naye kwa dola milioni 4.66, na bado ikamruhusu acheze msimu mmoja zaidi wa futiboli ya Kimarekani Chuo Kikuu cha Oklahoma. Akaibuka mchezaji bora wa vyuo nchini humo. Februari 2019 akaamua kubaki na futiboli, akarudisha zaidi ya dola milioni moja alizokwisha kupokea, na Aprili Arizona Cardinals ikamchagua wa kwanza kabisa. Kila upande ulijua unadaiwa nini, kwa kuwa kila kitu kiliandikwa.

Sasa tuje kwetu Ufipa, mkoani Rukwa. Oktoba 2020, Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, Tanzania Prisons iliifunga Simba 1-0. Mtoto wa Mwimbi au Laela anayesikia habari ya siku ile ana haki ya kuota makubwa. Tatizo huanza pale kijana wa kidato cha tatu anapong'ara UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kisha mtu anampigia simu baba yake: kuna timu Dar inamtaka, aje haraka kwenye majaribio. Hakuna karatasi. Hajulikani nani atalipia chumba, nani atamtibu akivunjika mguu, wala nani atampa nauli ya kurudi zaidi ya kilomita elfu moja akitemwa.

Anayemwambia kijana huyo kwamba mtihani utamchelewesha amtazame mwanariadha Mtanzania Suleiman Nyambui. Alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na mwaka 1987 na 1988 akashinda marathoni ya Berlin. Darasa halikumpunguzia mwendo.

Sheria zenyewe zipo upande wa mtoto. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kufungwa na mkataba wa zaidi ya miaka mitatu, na kwa kawaida haziruhusu ahamishiwe nchi nyingine. Nchini, ada ya shule za serikali imefutwa hadi kidato cha sita. Kwa hiyo timu inayomtaka kijana wa Rukwa kwa dhati inaweza kumhamishia shule iliyo karibu na kambi yake, ikaandika hilo ndani ya mkataba pamoja na matibabu, malazi na nauli. Ikigoma kuandika, mzazi akatae.

Wazazi wengi hawajawahi kuuona mkataba wa mchezaji. Hapo ndipo maafisa michezo wa wilaya za Kalambo na Sumbawanga wanapohitajika: wausome pamoja na mzazi, waulize maswali ambayo yeye anaona aibu kuuliza, na nakala moja ibaki kwa mkuu wa shule kabla kijana hajapanda basi.